Nambari 64 na wanahisabati waliobadilisha dunia: Funzo kwa wakazi wa Eldoret

ELDORET ni miongoni mwa miji michache ambayo wenyeji wake wangali wanaiita kwa nambari. Kabla ya kupewa jina lake la sasa mwaka wa 1912, makao hayo ya kando ya Mto Sosiani yalifahamika kwa nambari 64, kwa kuwa posta iliyofunguliwa hapo mwaka wa 1910 ilikuwa katika shamba lililosajiliwa kwa nambari hiyo. Wenyeji walilichukua jina hilo la Kiingereza wakalitamka kwa ndimi zao, likawa Sisibo. Agosti 15, 2024, mji huo ulipandishwa hadhi na kuwa jiji la tano nchini Kenya, lakini Sisibo bado ni Sisibo.

Nambari hiyo ina mengi ya kufunza hasa wakati huu. Mwaka wa 2025 Wakenya walivutana kuhusu iwapo hisabati iwe somo la lazima katika shule za sekondari pevu. Mpango wa awali ulikuwa kwamba wanafunzi ambao hawakuchagua mkondo wa sayansi na teknolojia waruhusiwe kuliacha. Malalamiko yalipozidi, Wizara ya Elimu ilitangaza mwezi Aprili mwaka huo kuwa kila mwanafunzi atasoma aina fulani ya hisabati: iliyo nzito kwa wanaofuata sayansi, na iliyo nyepesi kwa wengine.

Uamuzi huo ulinyamazisha mjadala, lakini haukujibu swali ambalo wanafunzi wengi huwauliza wazazi wao: hisabati ina faida gani kwa mtu atakayelima ngano, kuendesha bodaboda au kukimbia mbio za masafa marefu? Jibu limo katika historia ya watu walioijenga elimu hiyo. Wengi wao hawakuanza na fomula, bali na nafaka, mashamba, mirathi na madeni.

ANAYEPIMA NDIYE ANAYEGAWA

Nambari 64 haikuteuliwa na wakazi wa Uasin Gishu. Ilitokana na ramani za wapimaji wa serikali ya kikoloni, waliokuwa wakiwagawia walowezi mashamba mwanzoni mwa karne ya 20, wakiwemo Makaburu waliotoka Afrika Kusini mwaka wa 1908. Wafugaji waliozijua nchi hizo kwa majina ya mito na vilima walikuta malisho yao yamekatwa vipande na kila kipande kimepewa nambari. Ramani ikawa ushahidi, na asiyeweza kuisoma hakuwa na hoja ya kuikabili.

Elimu ya kupima ardhi ina asili yake katika bara hili la Afrika. Wamisri wa kale walipima mashamba kwa kamba kila mara mafuriko ya Mto Nile yalipofuta mipaka. Kutokana na kazi za namna hiyo ilizaliwa jiometri, neno la Kigiriki ambalo maana yake ni kupima ardhi. Takribani mwaka 300 kabla ya Kristo (K.K.), katika mji wa Alexandria nchini Misri, Euclid aliikusanya elimu hiyo katika vitabu 13. Ubunifu wake mkubwa haukuwa maumbo yenyewe, bali namna ya kujenga hoja: anza na mambo machache yasiyobishaniwa, kisha thibitisha kila dai jipya kwa yale yaliyokwisha kuthibitishwa. Hakuna dai linalokubaliwa kwa sababu ya cheo cha aliyelitoa.

Aliyemfuata katika mji huohuo ni Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene katika nchi ambayo leo ni Libya. Alifahamu kuwa adhuhuri ya siku iliyo ndefu kuliko zote kwa mwaka, jua husimama wima juu ya mji wa Syene, yaani Aswan ya leo, na vitu havitoi kivuli. Saa hiyohiyo, mjini Alexandria, kivuli kilionyesha kuwa jua limeinama kwa takribani nyuzi 7.2, ambazo ni sehemu moja ya 50 ya duara zima. Umbali kati ya miji hiyo ulihesabiwa kuwa stadia 5,000, kwa hiyo mzunguko wa dunia ukawa mara 50 ya umbali huo, yaani stadia 250,000. Kwa fimbo, kivuli na kuzidisha, mtu mmoja aliipima sayari nzima bila kuizunguka. Mwanafunzi wa Eldoret, ambaye mji wake uko karibu na Ikweta, anaweza kuona jambo kama hilo mwezi Machi na Septemba, jua la adhuhuri linapokaribia kusimama juu ya kichwa chake.

MFUPA WA ISHANGO NA NAFAKA ZA MISRI

Zamani zaidi ya hapo, watu wa Afrika ya kati na mashariki walikuwa wakiweka hesabu. Mwaka wa 1950, mtafiti Mbelgiji Jean de Heinzelin aligundua mfupa mdogo wenye mikato katika eneo la Ishango, mahali ambapo Mto Semliki unatoka katika Ziwa Edward, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Mfupa huo, unaohifadhiwa Brussels, unakadiriwa kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi. Mikato yake imepangwa kwa safu tatu. Katika safu moja kuna mafungu ya mikato 11, 13, 17 na 19, ambayo jumla yake ni 60. Safu ya pili pia ina jumla ya 60, na ya tatu 48. Wataalamu wanabishana iwapo ilikuwa kalenda ya mwezi au hesabu ya aina nyingine, lakini wengi wanaona kuwa mkono uliokata mifuo hiyo ulikuwa ukihesabu.

Nchini Misri, takribani mwaka 1550 K.K., mwandishi aliyeitwa Ahmes alinakili mafunjo yenye maswali zaidi ya 80 ya hesabu pamoja na majibu yake. Maswali hayo ni ya maisha ya kila siku: namna ya kugawa mikate 9 kwa watu 10, namna ya kujua ukubwa wa ghala, namna ya kupima nafaka. Kipimo cha nafaka cha Wamisri kiliitwa hekat, na kiligawanywa nusu, robo, thumuni, sehemu ya 16, ya 32, hadi sehemu ya 64. Hapo nambari ya Eldoret inajitokeza miaka zaidi ya 3,000 kabla ya Eldoret kuwapo.

Ahmes alizidisha kwa njia ya kurudufisha tu. Tuseme mkulima ana ekari 13 na kila ekari inampa magunia 15. Angeanza na 15 kwa ekari moja, akarudufisha: ekari mbili 30, ekari nne 60, ekari nane 120. Kwa kuwa 13 ni 1 na 4 na 8, angejumlisha 15, 60 na 120, akapata magunia 195. Hakuna haja ya kukariri jedwali la kuzidisha. Ajuaye kuongeza kitu mara mbili anajua kuzidisha.

KETE ZA BAO NA PUNJE ZA NGANO

Katika pwani ya Waswahili, nambari 64 inafahamika kwa njia nyingine. Bao la Kiswahili lina safu nne za vishimo vinane, jumla 32, na huchezwa kwa kete 64, kila mchezaji akiwa na 32. Fundi wa bao hukadiria kete zitaishia kishimo kipi baada ya mizunguko kadhaa, bila karatasi wala kalamu. Anayedai kuwa Mwafrika hana kipawa cha hisabati hajakaa barazani Lamu au Unguja.

Ubao wa sataranji nao una miraba 64, na kuhusu ubao huo kuna kisa ambacho mwanahistoria Ibn Khallikan alikiandika mwaka wa 1256. Mfalme wa India alipofurahishwa na mchezo huo, alimtaka aliyeubuni ataje zawadi anayoitaka. Yule bwana akaomba punje moja ya ngano kwa mraba wa kwanza, mbili kwa wa pili, nne kwa wa tatu, na kuendelea kurudufisha hadi mraba wa 64. Mfalme alicheka, akidhani ameombwa kitu kidogo.

Mkulima wa Uasin Gishu, eneo ambalo ni ghala la ngano la Kenya, anaweza kuikagua hesabu hiyo. Ikiwa punje 1,000 zina uzito wa gramu 40, safu ya kwanza ya miraba minane ina punje 255, ambazo ni gramu 10 tu. Mwisho wa safu ya pili jumla imefika kilo 2.6. Mwisho wa safu ya tatu ni kilo 671, yaani magunia saba na ushei ya kilo 90. Mwisho wa safu ya nne, nusu ya ubao, ni karibu tani 172, au magunia 1,900. Hadi hapo mfalme angali anaweza kulipa. Lakini ubao ukijaa, punje ni 18,446,744,073,709,551,615, ambazo uzito wake unazidi tani bilioni 700. Dunia nzima ya leo, inayovuna takribani tani milioni 800 za ngano kwa mwaka, ingehitaji zaidi ya miaka 900 kuilipa zawadi hiyo.

Kisa hicho hakihusu wafalme pekee. Kinaonyesha tabia ya kila kitu kinachoongezeka kwa kujizidisha: mwanzo wake hudharauliwa, na mwisho wake haushikiki. Magonjwa ya kuambukiza huenea hivyo. Madeni nayo hukua hivyo.

RIBA JUU YA RIBA

Mwaka wa 1494, mtawa Mwitaliano Luca Pacioli alichapisha kitabu cha hesabu za biashara ambamo mlikuwa na kanuni rahisi: gawa 72 kwa kiwango cha riba, nawe utajua deni litachukua vipindi vingapi kuwa maradufu. Mtu akikopa Sh1,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, na riba isiyolipwa ikawa inaongezwa kwenye deni, basi 72 ukigawa kwa 10 unapata 7.2. Deni hilo litakuwa Sh2,000 baada ya miezi saba na siku chache. Baada ya mwaka mmoja halitakuwa Sh2,200 kama wengi wanavyodhani, bali takribani Sh3,138.

Likiachwa lirudufike mara sita, linakuwa mara 64 ya lilivyoanza. Sh1,000 zimekuwa Sh64,000, na muda uliopita haujafika miaka minne. Ni kwa sababu hiyo kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika mwaka wa 2007, kinazizuia benki za Kenya kudai riba inayozidi salio la mkopo tangu mkopaji aliposhindwa kulipa. Hata hivyo, kinga hiyo humfaa zaidi anayeweza kupiga hesabu akatambua kuwa mpaka umevukwa. Aliyeacha hisabati shuleni husaini tu.

Swali hilohilo la riba lilimfikisha mwanahisabati wa Uswisi, Jakob Bernoulli, kwenye ugunduzi mkubwa mwaka wa 1683. Alijiuliza: mtu akitoza riba ya asilimia 100 kwa mwaka, lakini akaihesabu kila mwezi, kisha kila siku, kisha kila nukta, deni litakua bila kikomo? Jibu ni kwamba halitakua bila kikomo. Litakaribia mara 2.718 na kidogo. Nambari hiyo baadaye ilipewa alama ya e na Leonhard Euler (1707-1783), Mswisi mwenzake, ambaye aliendelea kuzalisha kazi nyingi hata baada ya kupofuka. Leo inatumika katika elimu ya umeme, takwimu na ukuaji wa viumbe.

SIFURI NA MIRATHI

Mzungumzaji wa Kiswahili hubeba historia ya hisabati kinywani mwake. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni maneno ya Kibantu. Sita, saba, tisa na ishirini yaliletwa na biashara ya Bahari ya Hindi kutoka Kiarabu, na pamoja nayo likaja neno sifuri. Wazo lenyewe la sifuri kama nambari lilitoka India, ambako Brahmagupta aliandika kanuni zake za kujumlisha, kutoa na kuzidisha mwaka wa 628.

Aliyelisambaza wazo hilo ni Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya tisa. Kutokana na jina la kitabu chake kuhusu al-jabr tulipata neno aljebra, na kutokana na jina lake mwenyewe lilizaliwa neno algorithimu, yaani hatua zinazofuatwa kutatua tatizo, ambazo ndizo zinazoendesha kompyuta. Lakini al-Khwarizmi hakuwaandikia wenye kompyuta. Alieleza kuwa aliwakusudia watu wanaohitaji kugawa mirathi, kupima ardhi, kuchimba mifereji na kufanya biashara, na sehemu kubwa ya kitabu chake inahusu wasia na urithi. Familia inayogombania shamba la marehemu baba inagombania, kwa hakika, suala la aljebra.

Ulaya ilijifunza hesabu hizo kupitia Afrika. Leonardo wa Pisa, anayejulikana kama Fibonacci, alifundishwa nambari hizo akiwa kijana huko Bugia, bandari iliyo Algeria ya leo, ambako baba yake alisimamia biashara. Kitabu alichokiandika mwaka wa 1202 kiliwafunza wafanyabiashara wa Italia kuacha nambari za Kirumi. Na mwaka wa 1732, Muhammad ibn Muhammad al-Kishnawi, aliyetoka Katsina katika Nigeria ya leo, aliandika mjini Cairo kuhusu miraba ya nambari ambayo kila safu, kila mstari na kila mshazari una jumla moja.

KUTOKA KWA LEIBNIZ HADI SIMU YA MKONONI

Mjerumani Gottfried Leibniz alichapisha mwaka wa 1703 makala kuhusu namna ya kuandika nambari zote kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Alivutiwa na kitabu cha kale cha Wachina chenye michoro 64 iliyoundwa kwa mistari mizima na iliyokatika, akaona inalingana na nambari kuanzia 0 hadi 63. Mfumo wake ni ule wa Ahmes katika vazi jipya: 13 ni nane moja, nne moja, mbili hakuna, moja moja, hivyo huandikwa 1101.

Mwaka wa 1854 George Boole, aliyejisomesha mwenyewe kwa sehemu kubwa, alionyesha kuwa kweli na uongo vinaweza kuhesabiwa kama nambari. Mwaka wa 1936 Alan Turing alieleza mashine inayoweza kutekeleza hesabu yoyote iliyoelezwa hatua kwa hatua. Mwaka mmoja baadaye, Claude Shannon alithibitisha kuwa swichi za umeme zinaweza kufanya kazi ya aljebra ya Boole. Simu nyingi za kisasa hufanya hesabu kwa mafungu ya biti 64, yaani sifuri na moja 64 kwa wakati mmoja. Hesabu za punje za mfalme sasa zimo mfukoni mwa mwendesha bodaboda.

Wakimbiaji wa bonde hilo nao hawakuachwa nyuma. Leibniz na Mwingereza Isaac Newton, kila mmoja kivyake, walibuni kalkulasi, elimu ya vitu vinavyobadilika, ambayo humwezesha mtu kujua kasi ya kitu katika nukta moja badala ya wastani wa safari nzima. Eliud Kipchoge, anayefanya mazoezi Kaptagat, alipokimbia kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40 jijini Vienna mnamo Oktoba 12, 2019, alihitaji kumaliza kila kilomita kwa wastani wa dakika 2 na sekunde 50. Kikosi cha kumkinga upepo kilipangwa kwa hesabu ya namna hewa inavyopita mwilini, na gari lilimulika mwanga barabarani kuonyesha kasi inayotakiwa. Miguu ilikuwa ya Kipchoge, lakini mpango ulikuwa wa hisabati.

NANI ANAWEZA?

Imani kwamba hisabati ni ya wachache waliojaliwa haithibitishwi na historia. Srinivasa Ramanujan (1887-1920) alipoteza ufadhili wa chuo kwa kuanguka masomo mengine, akawa karani wa bandari mjini Madras, India. Mwaka wa 1913 alimwandikia barua Profesa G. H. Hardy wa Cambridge iliyojaa kanuni alizozigundua peke yake. Miaka mitano baadaye alichaguliwa kuwa mwanachama wa jumuiya kuu ya wanasayansi wa Uingereza. Katherine Johnson, Mmarekani mweusi aliyeishi enzi za ubaguzi, alikagua hesabu za safari ya mwanaanga John Glenn ya kuizunguka dunia mwaka wa 1962. Maryam Mirzakhani, mzaliwa wa Tehran, alikuwa mwanamke wa kwanza kutunukiwa Nishani ya Fields, mwaka wa 2014. Alipokuwa msichana alitamani kuwa mwandishi.

Wote hao walipata mtu aliyewasikiliza: profesa aliyeisoma barua, mkuu aliyeiamini kazi, mwalimu aliyemhimiza msichana. Hapo ndipo lilipo jukumu la shule na wazazi. Uasin Gishu ina Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka wa 1984, na Chuo Kikuu cha Eldoret kilichopata hati mwaka wa 2013. Elimu ya juu iko karibu. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kumwonyesha mtoto wa darasa la tano kuwa gunia la nyumbani, deni la mama na shamba la babu ni hesabu tayari.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mnamo 1910, wenyeji wa Sosiani walikuta ardhi yao imeandikwa katika daftari la watu wengine, kwa nambari ambazo hawakushirikishwa kuzipanga. Watoto wao wa leo watakutana na nambari za mikopo, za hatimiliki na za mitambo ya kompyuta. Wizara imeamua kuwa watasoma hisabati. Iwapo wataielewa au wataikariri hadi siku ya mtihani tu, hilo litaamuliwa darasani na mezani nyumbani.